Baraza la Jamaa: Siku Moja ya Kwenda Kuona Mawe ya Isimila



Mavuno yanaingia ghalani, shule zakaribia kufungwa, na watoto wamekwisha kuanza kuuliza, "Baba, likizo hii twende wapi?" Katika nyumba nyingi za kijijini jibu ni lile lile la kila mwaka: kwa bibi, au harusini, au msibani. Hayo ni mema, wala Baraza haliyapingi. Lakini leo tunalo shauri jingine. Chagueni siku moja, kabla kazi za mashamba hazijaanza tena, mwende jamaa nzima, wazee kwa watoto, mkaone mahali walipokaa watu wa zamani sana.

Najua kuna atakayecheka. Atasema, "Nitoe nauli nikaangalie mawe? Mawe hata shambani kwangu yamejaa!" Mwingine atasema mambo hayo ni ya wageni wenye kamera. Basi maneno ya leo ni kwa ajili ya hao hasa. Mawe ninayotaka kuwaelezeni ni kazi ya mikono ya watu waliokaa katika nchi hii hii yetu. Tena yamo katika hatari, na hatari hiyo hutoka zaidi kwetu sisi tukaao jirani bila kuyajua kuliko kwa wale wasafirio kutoka mbali kuja kuyatazama.

MAHALI PENYEWE

Mahali pa kwanza panaitwa Isimila, katika mkoa wa Iringa. Kutoka mjini Iringa washika barabara kuu iendayo Mbeya. Ukisafiri kama kilometa 20 utaona kibao kando ya barabara, na kutoka hapo ni mwendo mfupi wa miguu. Kwa macho ya mtu asiyejua, Isimila ni korongo tu lililochimbwa na maji ya mvua, kama makorongo mengine mengi ya nchi za Uhehe. Lakini shuka ndani yake, uinamishe kichwa, utazame chini.

Miaka mingi iliyopita hapakuwa na korongo. Palikuwa na ziwa dogo lisilo na kina kirefu, na pembeni yake matope na majani. Wanyama walikuja kunywa, na watu wakawafuata wanyama. Katika udongo wa pale imepatikana mifupa ya kiboko wa namna isiyokuwako tena duniani, ambaye macho yake yalikuwa yameinuka juu sana kichwani, hata aliweza kuzama karibu mwili wote na bado akaona nje ya maji. Kando ya ziwa hilo watu walichonga mawe, wakayatumia, wakayaacha. Mchanga na udongo ukayafunika, tabaka juu ya tabaka. Mwishowe ziwa likakauka. Halafu, baada ya muda mrefu mno, kijito kikaanza kuukata udongo ule, mvua ikasaidia, na mawe yakaonekana tena juani.

Sisi wakulima twaujua mmomonyoko kuwa ni adui wa shamba. Pale Isimila ndio uliolifunua kaburi la vitu hivi. Tena haujaacha kazi yake: kila masika maji hushuka kwa nguvu na kuyasukuma mawe mengine bondeni.

Wataalamu walipata habari za mahali hapa mwaka 1951, wakati mwanafunzi mmoja wa shule, aliyekuwa safarini kutoka Nairobi kwenda Johannesburg, alipopita na kuokota baadhi ya mawe hayo. Angalieni jambo hili. Wapita njia walikuwa wengi, wenye elimu na wasio nayo, lakini ni kijana wa shule aliyeinama na kutazama vizuri. Kisha mwaka 1957 na 1958 wakaja wachimbaji wakiongozwa na Bwana F. Clark Howell wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani. Walichimba polepole, wakapima kila tabaka na kuandika kila jiwe lilipolala. Kwa kupima mifupa iliyopatikana pale, wataalamu walikadiria mwaka 1972 kwamba umri wake ni kama miaka 260,000.

KAMBA YA MBUZI

Miaka 260,000! Neno hili hupita sikioni kama upepo, maana akili haina pa kulishika. Basi fanyeni hivi nyumbani jioni moja kabla ya safari. Chukueni kamba ndefu, hata kamba za mbuzi zilizoungwa, mwitandaze uwanjani. Semeni kwamba kila sentimeta moja ni miaka 100. Mwanzo wa kamba ndio leo.

Kifo cha Mtemi Mkwawa, mwaka 1898, hakifiki hata sentimeta moja na nusu. Mtoto wenu aweza kukifunika kwa kidole. Kuzaliwa kwa Bwana wetu ni sentimeta 20 hivi, yaani urefu usiofika shubiri ya mtu mzima. Sasa mwambieni mtoto akimbie na kamba mpaka mita 26, labda mpaka nje ya ua kwenye migomba. Pale ndipo penye Isimila. Watoto wakiona hivyo hawahitaji hotuba. Hata mzee asiyejua kusoma atashika kidevu na kunyamaza.

Hapo yawezekana mtoto aliyefundishwa katekisimu atauliza, "Na Adamu je?" Msimkemee. Ni swali zuri, nalo si jipya. Kanisa halimkatazi Mkristo kuchunguza umri wa dunia wala asili ya mwili wa binadamu. Baba Mtakatifu Pio XII aliandika mwaka 1950 kwamba uchunguzi wa namna hiyo waweza kufanywa na wenye elimu, nasi tunashika kwamba roho huumbwa na Mungu mwenyewe. Mmojawapo wa mabingwa wakubwa kabisa wa mambo haya ya kale alikuwa padre, Henri Breuil wa Ufaransa, aliyefariki mwaka 1961. Aliitumia karibu maisha yake yote kuchunguza mawe na picha za watu wa kale, wala hakuvua upadre wake. Basi mwambieni mtoto kwamba Mungu hana haraka, na umri wa jiwe hauwezi kumwogofya Yeye aliyeliumba.

BIBI NA FUNDI WA ZAMANI

Jamaa yetu tulikwenda watu 7: mimi, mama watoto, mama yangu mzazi, na watoto 4. Tulipofika, kijana mwenye kuwaongoza wageni alitupokea kwa adabu, "Kamwene! Shikamoo, Bibi." Mama yangu akamwitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akamwuliza, "Hayo mawe yenu mnayotutolea nauli yako wapi?" Tukacheka wote.

Kijana alituonyesha kwanza nyumba ndogo ya maonyesho, halafu akatushusha korongoni. Huko yamelala mawe yenyewe. Mengi yana umbo la jani nene au la chozi: upande mmoja wa duara wa kushikia kiganjani, upande mwingine umechongoka. Hayo huitwa mashoka ya mkono, maana hayakutiwa mpini. Mengine hayana ncha bali yana makali mapana mbele, kama shoka letu la kukatia kuni. Yapo mawe madogo ya kuparia ngozi, na yapo ya mviringo. Mengine ni madogo yanayoenea kiganjani, na mengine hupita shubiri moja, mazito mpaka mtu hujiuliza ni mkono gani ulioyainua.

Vijana wa nyumbani kwangu, wenye kusoma sekondari, waliyatazama upesi upesi. "Ni mawe tu," alisema mkubwa. Lakini Bibi alichuchumaa. Kijana akampa jiwe moja alishike. Akaligeuza upande huu na upande huu, akapitisha dole gumba ukingoni, kisha akasema, "Huyu alikuwa fundi. Tazameni, alilipiga hapa, akaligeuza, akalipiga hapa tena. Na hapa jiwe lilitaka kumpasukia, akaliacha."

Kijana alishangaa, akasema, "Bibi, umejuaje? Ndivyo walimu walivyotufundisha."

Bibi akajibu kwamba alipokuwa msichana alisaga ulezi kwa jiwe. Jiwe la kusagia likitumika sana huwa laini, halisagi tena, na ilikuwa kazi ya akina mama kulitia meno upya kwa kuligonga na jiwe jingine gumu. "Ukiligonga kwa hasira, linapasuka. Ukiligonga kwa uvivu, halitoi kitu. Ni lazima ulisikilize." Mkubwa wetu aliyesema "ni mawe tu" akachuchumaa karibu na bibi yake, akaanza kutazama upya.

Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Ndivyo ilivyo kwa shoka la mkono. Si kila jiwe lafaa. Fundi alichagua jiwe gumu lenye kupasuka vizuri. Akashika jiwe jingine la kugongea, akapiga ukingoni kwa pembe anayoitaka, kipande kikaruka, likabaki kovu. Akageuza, akapiga upande wa pili, makovu mawili yakakutana, na palipokutana pakawa makali. Aliendelea hivyo mara nyingi mpaka umbo alilolikusudia likatokea. Maana alilikusudia. Hakuna awezaye kufikia umbo lile kwa kubahatisha, mara mamia, pande zote mbili zikilingana. Kabla ya kupiga pigo la kwanza, fundi yule alikwisha kuliona shoka akilini mwake.

Na ufundi huu haukuwa wa Isimila peke yake. Wataalamu huuita kwa jina la Saint-Acheul, mtaa wa mji wa Amiens huko Ufaransa, kwa sababu mawe ya namna hii yalipatikana pale na kuchunguzwa katika karne ya 19. Lakini yale ya Afrika ni ya zamani zaidi sana kuliko ya Ulaya. Ulianza kwetu, na ulidumu zaidi ya miaka 1,000,000, mkubwa akimwonyesha mdogo. Mifupa ya watu wenyewe haikuonekana pale Isimila. Twaijua mikono yao kwa kazi yake tu.

Baada ya mawe, kijana alitupeleka kuona nguzo. Ni nguzo za udongo zilizosimama zenyewe, ndefu kupita nyumba, zilizoachwa na maji wakati udongo wa pande zote ulipochukuliwa. Watoto walisahau njaa. Ukitazama ubavuni mwa nguzo waona mistari, mmoja mweupe, mmoja wa hudhurungi, mmoja wa mchanga. Hayo ndiyo matabaka ya ziwa la zamani, nawe waweza kuyahesabu kama mtu ahesabuye kuti za paa.

JIWE MOJA TU

Sasa nafika kwenye neno kubwa la leo.

Tulipokuwa tukipanda kurudi juu, kijana alimwona mwanangu wa tatu akitembea ameshika mfuko wa kaptula. Hakumkaripia. Akamwuliza kwa upole, "Mdogo wangu, umebeba nini?" Mtoto akatoa jiwe dogo, moja katika yale ya kuparia. Dada yake akamtetea, "Ni moja tu, kaka, nayo yako mengi mno!" Kijana akarudi naye mpaka chini, akamwambia aoneshe alipolitoa hasa, akalirudisha kwa mkono wake mwenyewe. Halafu akatueleza sababu, nami nawaandikieni kama nilivyomwelewa.

Jiwe likiwa mahali pake lina mengi ya kusema. Tabaka lilimolala laonyesha umri wake. Mawe yaliyo jirani yake yaonyesha kama watu walikuwa wakichinja mnyama pale au wakichonga vyombo. Vipande vidogo vilivyoruka vikionekana karibu, twajua fundi alikaa papo hapo. Mfupa ukionekana kando, twajua alikula nini. Lakini liondoe, ulipeleke nyumbani, uliweke juu ya kabati. Sasa halisemi tena neno lolote, limekuwa jiwe la kuzuia mlango. Hata ukilirudisha baada ya mwaka mmoja na kulitupa korongoni, limekwisha kupotea, maana hakuna ajuaye lilikuwa wapi. Ni sawasawa na kuchana ukurasa mmoja katika daftari la ubatizo la parokia. Karatasi unayo mkononi, lakini jamaa nzima imepoteza jina lake.

Na hesabu nayo ni rahisi. Wageni 20 kwa siku, kila mmoja na jiwe lake moja tu, ni mawe 7,300 kwa mwaka. Korongo gani litavumilia?

Jambo hili halihusu Isimila peke yake. Katika vijiji vyetu watu huchimba visima, huchimba mchanga, hufyatua matofali, hukata barabara. Mara kwa mara jembe hutoa jiwe lililochongwa, au vigae vya vyungu vya kale, au takataka za chuma za tanuri la wahunzi, au mfupa uliogeuka kuwa jiwe. Ukiona kitu kama hicho, usikitupe wala usikiuze. Kiache kilipo ikiwezekana, weka alama, umwarifu mwenyekiti wa kijiji au mwalimu mkuu ili habari zifike wilayani. Nchini Tanzania iko Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, nayo yamkataza mtu kuchimba, kuondoa au kuharibu vitu hivyo bila ruhusa.

Kuna na ubaya mwingine mkubwa zaidi, nao ni tamaa. Uvumi umeenea sehemu nyingi kwamba Wajerumani, waliposhindwa katika vita vya 1914–1918, walifukia dhahabu chini ya miamba na kuacha alama. Basi watu wenye pupa huona picha nyekundu mwambani, wakadhani ndiyo alama yenyewe. Huko Kondoa wamekwisha kuchimba mashimo chini ya miamba yenye picha, wakivuruga udongo wenye habari za maelfu ya miaka. Fikirini wenyewe. Picha zile nyekundu zilikuwako kabla Mjerumani wa kwanza hajakanyaga nchi hii. Atawezaje kuwa ndiye aliyezichora? Mchimbaji huyo hutoka na vumbi, naye ameiharibu hazina ya kweli iliyokuwa chini ya miguu yake. Mzazi akisikia kijana wake ameitwa usiku kwenda "kutafuta mali ya Mjerumani", amzuie kama vile angemzuia asiende kuiba.

PICHA ZA IGELEKE

Mkiondoka asubuhi mapema, siku moja yatosha kuona na mahali pa pili. Rudini Iringa mjini, mshike barabara ya Dodoma, na kama kilometa 6 hivi mtafika Igeleke. Hapo mtapanda kilima kwa miguu. Wazee waende taratibu, kuna vivuli vya kupumzikia.

Juu uko mwamba mkubwa ulioinama mbele kama kibaraza cha nyumba, na ukutani mwake picha za rangi nyekundu. Mtaona watu, wanyama, na alama nyingine. Picha hizi ni za siku za karibu zaidi kuliko mawe ya Isimila. Wachoraji walikuwa watu wa kuwinda na kuchuma matunda ya porini, kabla majembe hayajaenea. Rangi yao ilikuwa udongo mwekundu wenye chuma, uliosagwa laini. Mama watoto aliposikia hivyo alicheka, "Kumbe ni udongo wetu wa kupakia nyumba!" Naam, ndugu yake udongo ule. Lakini kwetu rangi hutoka mvua mbili zikipita, na ile ya mwambani imedumu kwa kuwa ilinyonywa ndani ya jiwe na kukingwa na kibaraza.

Hapo watoto wafundishwe mambo mawili. La kwanza, wasiguse. Mafuta na jasho la kidole ni kidogo sana, lakini vidole ni vingi. La pili, wasimwagie maji wala kusugua ili picha ing'ae na kupigwa picha kwa simu. Maji huichukua rangi kidogo kidogo, na kuacha chumvi nyeupe juu yake. Sitasema juu ya kuandika majina kwa mkaa au kuchora kwa msumari. Mzazi mwenye akili hahitaji kuambiwa.

Mwaweza kudhani natia chumvi. Basi sikieni habari ya Ufaransa. Huko liko pango la Lascaux, lenye picha nzuri sana za ng'ombe-mwitu na farasi, zilizoonekana mwaka 1940. Padre Breuil niliyemtaja alikuwa miongoni mwa mabingwa wa kwanza kuziona. Mwaka 1948 pango lilifunguliwa, watu wakamiminika. Hawakuandika majina yao ukutani, walivuta pumzi tu. Lakini pumzi za watu wengi na mwanga wa taa zilileta uchafu wa kijani juu ya picha zilizodumu zaidi ya miaka 15,000. Mwaka 1963 serikali yao ikalifunga pango. Leo wageni huonyeshwa mfano uliotengenezwa kando. Kama pumzi imeweza hayo, msumari je?

MASHAURI YA SAFARI

Nendeni wakati wa kiangazi. Masika korongo huteleza, na kijito chaweza kujaa ghafula.

Asubuhi za Iringa mwezi wa 6 na wa 7 ni za baridi kali, na mchana jua huchoma. Watoto wavae sweta na wachukue kofia. Viatu viwe vya kufunika miguu, kwa ajili ya miiba na nyoka.

Chukueni maji ya kutosha na chakula cha nyumbani: viazi vya kuchemsha, maandazi, chai ndani ya chupa. Takataka zenu zirudi nanyi nyumbani.

Kiingilio kipo. Ulizeni kiasi chake kabla ya kuondoka, msije mkapungukiwa na nauli ya kurudi. Na mchukueni kiongozi wa mahali pale, msipite wenyewe. Bila yeye mtaona udongo na mawe, mtarudi mmechoka.

Msiwaache wazee nyumbani kwa kisingizio kwamba watachoka. Ninyi mmeona lililotokea kwetu. Kati ya watu 7, aliyelifahamu jiwe lile kuliko wote ni yule ambaye hakukaa darasani hata siku moja.

KWA WALIO MBALI NA IRINGA

Msomaji wa Kondoa, usione wivu. Kwako Kolo kuna miamba yenye picha, iliyoandikwa mwaka 2006 katika orodha ya urithi wa dunia. Msomaji wa Arusha na Karatu anayo Olduvai, ambako Mama Mary Leakey aliona mwaka 1959 fuvu la umri wa miaka kama 1,750,000. Si mbali na hapo ni Laetoli, ambako mwaka 1978 zilionekana nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano, miaka kama 3,600,000 iliyopita. Nyayo zenyewe zimefunikwa ili zisiharibike, lakini katika jumba la maonyesho la Olduvai mtaona mfano wake. Kwenye kamba yetu ya mbuzi, hizo zingekuwa mita 360 kutoka mlangoni! Ndugu zetu wa Kenya wanayo Olorgesailie, katika barabara ya Magadi, yenye mashoka ya mkono kama yetu. Wale wa Uganda wanazo picha za mwambani za Nyero, huko Kumi.

Na asiye na nauli mwaka huu asikate tamaa. Aanzie nyumbani. Karibu kila kijiji kina jiwe la zamani la kusagia lililolala nyuma ya jiko, kuku wakinywea maji ya mvua ndani yake. Mwite bibi au babu, awaeleze watoto nani alilitumia, lilitoka mlima gani, lilichongwaje. Watoto waandike katika daftari maneno yake pamoja na tarehe. Wazee wetu wakiondoka na habari hizo, jiwe litabaki, lakini litakuwa kama lile lililotiwa mfukoni: halitakuwa na la kusema.

Juma lijalo, Mungu akipenda, Baraza litazungumza juu ya kuweka mahindi ghalani yasiliwe na dumuzi. Salaamu kwa jamaa zote.